Sifuri ya Brightness

Alhamisi, 13 Machi

Daftari hili sikuliomba, nimepewa. Mwalimu Saleha amegawa madaftari ishirini na nane kwa wazazi ishirini na nane, akasema kila siku mpaka masika iishe tuandike jambo moja tuliloliona kwa mtoto wetu anayesoma. Jambo moja tu. "Andikeni kama mnamweleza mgeni asiyewajua," alisema.

Haya, mgeni, karibu. Mimi ni Noa, mkulima wa mahindi na michungwa, kijiji changu ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Maramba. Tena mimi ndiye mpiga mbiu. Kukiwa na mkutano, chanjo au mbuzi aliyepotea, ninayezunguka na kipaza sauti ni mimi. Watu husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na hapa kwetu mgambo hana mbiu, anayo Noa.

Kwenye haya Mazungumzo ya Wazazi nilikuwa nimekuja kutangaza tu, lakini Mwalimu Saleha alinidaka mlangoni. Amestaafu, ila alinifundisha darasa la nne. Nina miaka arobaini na sita na bado nikimwona nachomekea shati. Leo tulikaa ukumbi wa usharika, pale kanisani. Wiki ijayo tutakaa madrasa, na hivyo hivyo kwa zamu, asije mtu akasema mazungumzo ni ya watu fulani.

Jambo la leo: Brightness, binti yangu, darasa la saba. Nimemwona. Amekula.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwona. Ameamka.

Jumamosi, 15 Machi

Brightness ameikata chupa yangu ya maji, ile kubwa niliyokuwa naendea shamba, akaifunga kwa waya kwenye kisiki nyuma ya jiko. Ubavuni ameichora mistari kwa ncha ya msumari. Nikamuuliza ni uharibifu gani huu.

"Napima mvua, Baba."

Mbingu ilikuwa nyeupe, jua kali, hata wingu la kuazima hakuna. "Sasa umepima nini?"

"Leo sifuri," akasema, akaandika.

Nilicheka. Mama yake, Bibiana, hakucheka, alisema chupa zipo nyingi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Mistari miwili. Alikwenda kuitazama kabla ya kunawa uso.

Alhamisi, 20 Machi

Madrasa. Tumekaa kwenye mikeka ya watoto, magoti yamefika masikioni. Wenzetu wamefunga, kwa hiyo hakukuwa na chai, na jirani yangu Masoud, mfanyabiashara wa nazi, alikuwa mkali kama pilipili. Mwalimu Saleha alisema mtoto asiitwe mzito mbele ya watu, maana jina likimkaa atalibeba. Nikanyoosha mkono nikasema, mimi wangu ni mzito kweli, sasa nimwiteje? Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kisha akauliza kwa nini kijiji chetu kina watoto wengi shule ya msingi na wachache sekondari. Wanaume walitazama mkeka, na mimi nikautazama.

Jibu tunalijua. Nitaliandika hapa, maana daftari ni langu. Miaka minne iliyopita Edgar, kaka yake Brightness, alikuwa darasa la saba. Asubuhi ya mtihani nilimwita nyuma ya jiko nikamwambia aweke majibu yasiyo. Sekondari ni mbali, shamba lina kazi, na sikuwa wa kwanza, nyumba nyingi zilifanya hivyo. Nilimwambia ukifaulu sina radhi nawe. Alitii. Jioni kwenye kahawa nikajisifu kwamba nina mtoto msikivu, Masoud akasema hata wa kwake. Sasa Edgar ana miaka kumi na nane na anachuma machungwa ya watu.

Brightness sijamwambia lolote, sikuona haja. Alama zake zimeporomoka tangu mwaka jana. Huyu atafeli mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Masoud ameleta pilau sinia zima na amerudi kuwa mtu. Mvua mistari mitatu.

Jambo: Brightness aliwagawia nyama watoto wa jirani, na hakuna aliyelia.

Ijumaa, 4 Aprili

Mistari sita. Asubuhi, akinywa uji, Brightness alisema ikifika sita siku mbili mfululizo maji hupita juu ya daraja la magogo. Nikamwambia kula uji.

Jumamosi, 5 Aprili

Sita tena. Nilikwenda darajani, nikasema moyoni nitamwonyesha. Sikuliona daraja. Maji mekundu yalikuwa yanapita juu yake, na ng'ambo wanawake watatu wenye matenga wamesimama wanatazamana. Nilirudi mbio, nikachukua kipaza sauti, nikatangaza mtu asivuke. Watu waliniuliza nimejuaje mapema hivi. Nikakohoa.

Nyumbani nikamuuliza yeye, umejuaje? Akanichukua mpaka jikoni, akausukuma mlango, akanionyesha nyuma yake. Pameandikwa kwa mkaa juu mpaka chini, masika yote ya mwaka jana, aliyoyapima kwa chupa nyingine kama ile, siku kwa siku, na kila siku ambayo daraja lilizama ameizungushia duara. Mwaka mzima nimekuwa nikiufungua mlango ule na upande wa nyuma sijawahi kuutazama.

Nilisimama pale mpaka Bibiana akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 13 Aprili

Ibada. Mistari minne. Jambo: nimeangalia chupa mwenyewe kabla yake. Amekasirika kidogo.

Jumatano, 23 Aprili

Bibiana alikuta karatasi kwenye mfuko wa sare alipokuwa anafua. Jaribio la hisabati, maswali arobaini ya kuchagua. Juu, kwa wino mwekundu, sifuri.

Si tano wala tatu, sifuri. Nilitaka kusema si niliwaambia, lakini nilikumbuka yale maandishi ya mkaa nyuma ya mlango, nikayaacha. Bibiana aliikausha ile karatasi juu ya figa, akairudisha mfukoni bila kumwambia mtoto.

Alhamisi, 24 Aprili

Mgeni, leo ni marefu, unisamehe.

Mazungumzo yalikuwa madrasa. Mvua inapiga bati, tumebanana, Bibiana upande wa wanawake. Mwalimu Saleha alimleta Mwalimu Innocent, kijana anayefundisha hisabati darasa la saba. Akagawa vikaratasi.

"Andikeni namba moja mpaka ishirini," alisema. "Kila namba chagueni herufi moja, A, B, C au D. Majibu yapo ndani ya bahasha hii."

"Na maswali?" mtu akauliza.

"Maswali hakuna."

"Yakhe!" Masoud akasema. "Mtihani usio na maswali ndio nilioutaka mie tangu utotoni!"

Tulicheka sana. Tukaandika kwa kubahatisha tu. Bi Tausi, ambaye hakusoma, alikuwa anataja herufi na jirani yake anamwandikia. Mwalimu Innocent akafungua bahasha, tukasahihishana. Mimi nimepata nne, Masoud saba. Bi Tausi amepata nane, amekuwa wa kwanza, akapigiwa vigelegele. Wa mwisho amepata mbili.

"Nani amepata sifuri?"

Hakuna. Akatoa bahasha ya pili, tukarudia. Safari hii wa mwisho amepata moja. Sifuri hakuna.

"Basi tazameni, wazee wangu," alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Maswali yenyewe hamkuyaona, na bado kila mtu amepata kitu. Asiyejua hubahatisha, na kubahatisha humpa angalau kitu. Mimi nina mtoto darasani amepata sifuri katika maswali arobaini. Nimekaa na karatasi yake siku tatu. Ili ukose yote arobaini, inakupasa ulijue jibu la kweli kila mahali, ndipo uweze kulikwepa. Mtoto huyu hajafeli. Nadhani darasani kwangu hakuna anayejua kuliko yeye."

Masoud alisema, "Subhanallah," kwa sauti ndogo sana.

Jina hakulitaja. Nilitazama upande wa wanawake, nikamwona Bibiana amejifunika mdomo kwa kanga. Mara arobaini binti yangu alisimama mbele ya jibu, akalitambua, akaligeuzia mgongo. Na mimi nilikuwa nikimwita mzito.

Nimeishi na mtoto huyu miaka kumi na minne. Nimeogopa leo, ile hofu ya kuwa karibu na kitu kikubwa ambacho sikukitengeneza mimi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimkuta kwenye chupa. Mistari mitano.

"Brightness, ile sifuri."

Hakuuliza sifuri gani. Alimwaga maji, akaifuta chupa kwa upindo wa sketi.

"Kufeli kidogo kidogo ni rahisi, Baba. Nimefanya tangu mwaka jana. Safari hii nilitaka kuona kama nitaweza yote." Akaniangalia, na Mungu anisamehe, alikuwa anajivunia.

"Nani amekuambia ufeli?"

"Hakuna. Ulimwambia Kaka."

"Nilimwambia yeye, si wewe."

"Kaka alitii," alisema. "Sasa mimi nikifaulu, yeye atakuwa amefanya vile kwa ajili ya nini?"

Mtu anapokosa jibu mbele ya mtoto hugeuka mkali. Nikamwambia, basi leo nakuamuru mimi baba yako, mtihani wa majaribio mwezi ujao ufaulu. Akasema, "Ndiyo, Baba." Ilikuwa ndiyo ile ile ya Edgar, miguu pamoja, macho chini. Mara moja nikajua kwamba hatafaulu. Si jambo la kuamuru hili. Yupo mtu mwingine mbele yangu katika foleni, na mtu huyo ni kaka yake.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Edgar amerudi amelowa chapachapa, na mabega yamechunwa na tenga. Nilitaka kusema naye. Nikamuuliza bei ya machungwa.

Jumatano, 30 Aprili

Mistari saba. Nimemuuliza tena bei ya machungwa. Ameniambia, "Baba, ni ile ile ya jana."

Alhamisi, 1 Mei

Usharika. Mwalimu Saleha aliuliza kama kuna mzazi mwenye la kusema. Nilisimama. Nikatangaza kwamba Jumatatu kuna chanjo ya kuku, nikakaa.

Masoud alinisindikiza njia nzima bila kusema neno, na Masoud kunyamaza ni tukio. Karibu na kwangu akasema, "Noa, hata wangu mie aliyajua majibu. Naona kila siku anavyonihesabia nazi." Kisha akaenda zake.

Jumamosi, 3 Mei

Jambo: Brightness anamwachia Edgar ukoko wa wali, ule wa chini kabisa anaoupenda yeye. Sijui ameanza lini. Nimeuona leo.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi nilizunguka na kipaza sauti kama kawaida. Mazungumzo ya Wazazi, madrasa, saa kumi alasiri, wote mnaombwa. Nilipofika kisimani, mdomo ukaongeza wenyewe: "Na Noa mpiga mbiu ana jambo lake atakalolisema." Nilikuwa nimejifungia mlango. Kama ningetaka kukimbia, ningekimbilia wapi na mimi ndiye niliyetangaza?

Nilimwomba Edgar aje. Alisema ana kazi. Nikamwambia nakuomba. Sijawahi kulitumia neno lile kwake, na alinitazama kama aliyesikia lugha ngeni.

Madrasa ilijaa mpaka barazani. Edgar alisimama mlangoni pamoja na dada yake, matope magotini. Mwalimu Saleha alinipa nafasi. Nikasimama, na sauti yangu, sauti ambayo watu husema inafika mpaka Maramba, haikutoka. Nilikohoa. Mtu akasema mleteeni kipaza sauti, wengine wakacheka. Mwalimu Saleha alisema, "Mwacheni. Hii si ya kipaza sauti."

Ndipo nikasema, kwa sauti ndogo, ikabidi watu wainame kunisikia. Nilisema miaka minne iliyopita nilimwita mwanangu nyuma ya jiko nikamwambia afeli. Nilisema nilimtishia kwa radhi. Nilisema jioni ile nilijisifu kwenye kahawa mbele ya wengi mliomo humu, kwa hiyo nimeona nisije nikaomba kwa kificho msamaha wa jambo nililojisifia hadharani.

"Edgar," nikasema, "hukufeli wewe. Nilikufelisha mimi. Naomba unisamehe, mwanangu."

Sijui kama kuna aliyewahi kusikia baba akisema hivyo mbele za watu. Mimi sijasikia. Mzee mmoja aliguna, Mwalimu Saleha akamgeukia, akaacha. Edgar alikuwa anaangalia miguu yake. Nikafikiri ataondoka, na angeondoka ningemwona ana haki.

"Niliyajibu yote kwanza, Baba," alisema.

Nikamuuliza yote yapi.

"Ya mtihani. Niliyaweka yote sahihi, kwa penseli. Nikakaa nikayaangalia, nilitaka niyaone mara moja. Halafu nikachukua kifutio. Muda ulikuwa umebaki dakika kumi. Nilifuta kwa haraka, karatasi ikataka kuchanika."

Nikakaa mkekani. Miaka minne nilikuwa na watoto wawili wa ajabu ndani ya nyumba moja, mmoja anafuta na mwingine anakwepa, nami nazunguka kijijini natangaza mbuzi waliopotea.

Edgar alikuja. Alipita katikati ya watu, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono kama anayetaka kuniamkia. "Yameisha, Baba," alisema. "Yameisha."

Nikamwambia radhi zangu anazo, zote, leo na siku zote, hata asiponitii. Wanawake walikuwa wanalia, na Bibiana alikuwa analia na kucheka. Kisha Masoud akanyoosha mkono. Baada yake akanyoosha mwingine, na mwingine. Mwalimu Saleha hakuhesabu. Aliketi tu juu ya mkeka, mwanamke yule niliyedhani hana machozi, akavua miwani.

Nilipotazama mlangoni nilimwona Brightness. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama kaka yake, na uso wake sijui niuandikeje. Niuache.

Ijumaa, 9 Mei

Mistari miwili. Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 14 Mei

Mwalimu Innocent amekuja nyumbani kuzungumza na Edgar. Kuna njia ya watu wazima kusoma sekondari huku wakifanya kazi. Edgar alisema atafikiri. Amefikiri mpaka chakula cha jioni, akamwomba Brightness vitabu vyake vya darasa la saba ajikumbushe. Brightness alimletea vyote pamoja na vya darasa la sita.

Jumanne, 20 Mei

Mstari mmoja. Kesho majaribio. Sijamwambia kitu. Bibiana ananitazama kila nikifungua mdomo.

Jumatano, 21 Mei

Asubuhi nilimwita nyuma ya jiko. Ni pale pale, mgeni, hatua tatu kutoka kisiki. Alikuja akasimama miguu pamoja, macho chini.

"Sina amri leo," nikamwambia. "Nataka kukuona unaondoka, basi."

Edgar alitokea jikoni, amechonga penseli kwa kisu. Akampa. Halafu akatoa kifutio mfukoni, akamwonyesha, akakirudisha mfukoni mwake mwenyewe.

"Hiki nakaa nacho mimi," alisema.

Brightness alicheka, akamsukuma, akaondoka mbio kwenye njia yenye matope. Nilimtazama mpaka alipokata kona.

Alhamisi, 29 Mei

Mazungumzo ya mwisho ya masika. Usharika. Mwalimu Saleha alitaka kuyaona madaftari. Lako hili, mgeni, nililificha chini ya shati. Alisema, "Noa, tangu darasa la nne ulikuwa unaficha daftari." Akaniacha.

Ijumaa, 30 Mei

Chupa kavu. Siku ya tano sasa.

Brightness alirudi kutoka shule saa tisa, amekunja karatasi mkononi. Hakunipa mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa Edgar aliyekuwa anaosha matenga, akamwekea mapajani. Edgar alikausha mikono, akaitazama, akamwita mama, akaniita.

Hisabati. Thelathini na nane kati ya arobaini.

Bibiana alipiga kigelegele ambacho Masoud alikisikia kwake. Mimi nilijikaza, maana nimejifunza kuogopa alama. Nikatazama yale mawili yenye mkasi mwekundu wa kukosa, namba kumi na tisa na namba thelathini na tatu.

"Na haya mawili," nikamuuliza, "uliyakwepa?"

Alininyang'anya karatasi, akaisoma, uso umekunjamana kwa hasira ya kweli.

"Hapana, Baba. Haya sikuyajua."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu mwaka jana binti yangu hakuwahi kukosa swali kwa sababu ya kutolijua. Sijui kama kuna baba mwingine wilaya nzima ya Mkinga aliyewahi kufurahia makosa namna ile.

Brightness alisema haichekeshi. Edgar alimsogezea tenga lililogeuzwa akae, akachukua kijiti, akachora pembetatu kwenye udongo uliokauka.

"Hii ya kumi na tisa naikumbuka," alisema. "Tazama."